KUHARA DAMU SI UGONJWA WA TUMBO PEKE YAKE

Umangimeza una sura nyingi. Mojawapo ni kuandika "kuhara damu" katika daftari la zahanati, kugawa vidonge, kisha kulifunga daftari kana kwamba mtoto amekwisha kuokoka. Katika nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kumsenga na Kibondo hadi Kasulu, mazoea hayo hayavumiliki.

Sisi wa mpakani tulikwisha kuonywa. Mwaka 1979 kuhara damu kwa vijidudu vya Shiga kulizuka mashariki ya Zaire, kukaenea Rwanda, Burundi na Tanzania. Mwaka 1994, huko Goma, kipindupindu na kuhara damu viliwaua wakimbizi wapatao 50,000 katika muda wa mwezi mmoja.

Kijidudu hicho, kilichogunduliwa na Kiyoshi Shiga wa Japani mwaka 1897, hutoa sumu kali. Sumu ikiingia katika damu hujeruhi mishipa midogo ya figo. Chembe nyekundu hupasuka na figo huweza kusimama kazi. Jambo la kutisha ni kwamba mara nyingi balaa hili huja tumbo linapoanza kutulia, mama naye akiamini kuwa mwanawe amepona. Mtoto hupauka, uso huvimba, mkojo huadimika. Je, ni nani aliyemwuliza mama huyo habari za mkojo?

Wapo watakaodai kuwa maabara ni anasa, eti maji safi na vyoo vinatosha. Hakuna anayebisha kwamba maji na vyoo ndiyo msingi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitufundisha hivyo. Lakini sumu ya jamii hiyo hutolewa pia na aina fulani za vijidudu vya ekolai. Mgonjwa wa Shiga huhitaji dawa ya kuua vijidudu. Mgonjwa wa ekolai yenye sumu, dawa hiyo hiyo hushukiwa kumzidishia madhara ya figo. Bila vipimo, mganga anabahatisha. Na vipimo vipo: vya kuotesha vijidudu vya choo kikubwa, na vya kuinasa sumu yenyewe.

Kwa hiyo watumishi wa halmashauri hawana budi kutenga fedha za vipimo na za kusafirisha sampuli kabla hazijaharibika. Kila zahanati imwite tena mtoto aliyehara damu kabla ya wiki kwisha, imtazame rangi na uso, iulize mkojo, na yule mwenye dalili apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Walimu wahakikishe sabuni ipo karibu na vyoo vya shule, na mwanafunzi aliyerejea amepauka na kuvimba uso asiachwe darasani akidhaniwa mvivu.

Mashine za kusafisha damu ziko mbali na vijiji vyetu. Swali moja kuhusu mkojo halihitaji mashine, wala kibali cha mtu yeyote. Liulizwe kuanzia leo.