Mabweni Yetu ya Lukozi: Nani Atawaamsha Watoto Moto Ukizuka?

Mwezi Julai, baada ya swala ya Isha, tulifika katika bweni moja la madrasa pembezoni mwa Lukozi. Hatutalitaja kwa jina, kwani walimu wake walitupokea kwa ukarimu mkubwa, na tuliyoyaona kwao yamo katika mabweni mengi ya milima hii. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi madirishani na baridi ilikuwa ile ambayo wenyeji wa Lushoto wanaifahamu. Tulikuwa na ombi moja: ifikapo saa sita za usiku, watoto wakiwa wamelala, ipigwe kengele ya moto kana kwamba bweni linawaka.

Kengele yenyewe ni rimu ya gurudumu la lori iliyotundikwa kwenye mparachichi, mbali kidogo na mlango. Mlinzi alipokwenda kuipiga hakuiona nyundo. Akakumbuka kwamba nyundo huwekwa ofisini kwa walimu ili isiibwe, na ofisi hufungwa kila magharibi. Akaokota jiwe. Mlio ulitoka, lakini ulikuwa hafifu, na madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya baridi. Kati ya watoto 34 waliokuwa ndani, waliotoka wenyewe walikuwa 7. Waliobaki iliwabidi walimu waingie wawatikise mmoja mmoja, na wawili kati yao walibebwa mpaka nje bila kufumbua macho. Mlango wa pili wa bweni ulikuwa na kufuli kwa nje, na ufunguo alikuwa nao ustadhi wa zamu ambaye jioni ile alikuwa amekwenda msibani. Tangu pigo la kwanza hadi mtoto wa mwisho kutoka, saa yetu ilihesabu dakika 11. Alhamdulillah, hapakuwa na moto.

Ndugu msomaji, dakika 11 ni nyingi mno. Magodoro tunayowalazia watoto wetu ni ya sponji, na vitanda vyao ni vya mbao. Sponji ikishika moto hutoa moshi mweusi wenye sumu, na chumba cha kulala huweza kujaa moshi huo kabla ya dakika tano kutimia. Wengi wanaokufa katika moto wa usiku huuawa na moshi hata kabla mwali haujawagusa. Aidha, wapo wanaodhani kuwa mtu aliyelala ataamshwa na harufu. Dhana hiyo ni ya hatari, kwa sababu usingizini pua ya mwanadamu haifanyi kazi kama inavyofanya akiwa macho, na moshi humzidishia usingizi badala ya kumwamsha. Watoto wana usingizi mzito kuliko watu wazima. Wataalamu waliowafanyia majaribio nchi za nje wamekuta kuwa wengi wao huendelea kulala hata king'ora kikilia chumbani mwao.

Wala hatuzungumzii jambo la kufikirika. Juni 18, 1994, katika Shule ya Sekondari ya Shauritanga wilayani Rombo, wasichana zaidi ya 40 waliteketea bwenini. Agosti 2009 wasichana 12 walikufa katika bweni la Shule ya Sekondari ya Idodi mkoani Iringa. Kwa jirani zetu wa Kenya, Machi 2001, wavulana 67 waliangamia Kyanguli, Machakos, katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yake yana nondo. Na Septemba 2024 wakafa wavulana 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri. Shule za Kiislamu hazikusalimika. Julai 2020 moto uliunguza mabweni Dar es Salaam kwa kufuatana, yakiwamo ya Kinondoni Muslim na Ilala Islamic. Septemba 14 ya mwaka huo huo watoto 10 wa Shule ya Msingi ya Kiislamu ya Byamungu, Kyerwa, mkoani Kagera, walikufa usiku mmoja. Baada ya kila msiba tumesoma dua, tumechanga rambirambi, tumesikiliza hotuba za viongozi. Kisha tumerudi katika mabweni yetu tukazikuta rimu zikining'inia kwenye miti kama tulivyoziacha.

Tulipoyasema haya pale madrasa, mzee mmoja wa kamati alitujibu kwa upole kwamba ajali ni qadar ya Mwenyezi Mungu na mja hana la kufanya. Tunamheshimu mzee wetu, lakini hoja yake hatuwezi kuikubali. Imam Bukhari amepokea katika Sahihi yake kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku ikiwa na watu ndani, na Mtume (s.a.w.) alipopewa habari zake aliwafundisha watu kuuzima moto kabla ya kulala. Hakuwaambia wakae wangoje qadar. Na mzee wetu mwenyewe, tulipotoka, tulimwona akifunga duka lake kwa makufuli mawili.

Tuutazame mfano wa Mina. Aprili 15, 1997, siku moja kabla ya kisimamo cha Arafa, moto ulizuka katika mahema ya mahujaji. Kwa hesabu rasmi waliokufa walikuwa 343, na mahema yaliyoungua yalikadiriwa kufikia 70,000. Serikali ya Saudi Arabia haikutosheka na kuyashona upya mahema ya kitambaa cha pamba. Iliyajenga kwa kitambaa kisichoshika moto kwa urahisi, ikapiga marufuku majiko ya gesi ndani yake, ikaweka mabomba ya maji yanayofunguka yenyewe kwa joto. Na bomba moja linapofunguka, kengele hulia katika kambi nzima. Yeyote aliyehiji miaka ya karibuni amelala chini ya mabomba hayo, pengine bila kujua kuwa yapo kwa ajili ya watu 343.

Tuseme sasa juu ya vyombo vyenyewe, maana tumegundua kuwa wengi wetu tunaviogopa kwa kudhani ni vya mahoteli makubwa tu. Kifaa cha kugundua moshi ni kidogo, mtu anaweza kukishika kwa kiganja, na hufungwa darini. Aina inayofaa zaidi kwa bweni ina mwale wa mwanga ndani yake. Moshi unapoingia huutawanya mwanga huo, jicho la kifaa likauona, na king'ora kikalia. Vipo vinavyotumia betri tupu. Vipo pia vinavyounganishwa, kimoja kikilia vyote vinalia, na hivi ndivyo tunavyovipendelea kwa bweni lenye vyumba zaidi ya kimoja, kwa kuwa moto wa chumba cha mwisho huwaamsha wa chumba cha kwanza. Kwa jikoni kifaa cha moshi hakifai, kitalia kila ugali unaposongwa. Huko huwekwa kinachohisi joto.

Na hapa milimani kuna tahadhari ambayo muuzaji wa Kariakoo hatakwambia. Unyevu wa ukungu ukiingia ndani ya kifaa huweza kukidanganya kikalia bila moto; vumbi na buibui hufanya vivyo hivyo. Kikilia uongo mara tatu, watoto hawatashtuka mara ya nne. Au atatokea mtu mzima aliyechoka na makelele, akatoa betri akaitia katika redio. Basi kifungwe mbali na dirisha, kipanguswe vumbi mara kwa mara, na kibadilishwe kikifikisha miaka 10, hata kama bado kinaonekana kizima. Jambo jingine: kifaa cha moshi hakigundui hewa ya sumu itokayo katika jiko la mkaa, kwani hewa hiyo haina moshi wala harufu. Atakayeingiza jiko la mkaa bwenini ili watoto waote asidhani kuwa king'ora kitamwokoa. Jiko lisiingie kabisa.

Hata hivyo, kununua ni nusu ya kazi. Tumeona katika jengo moja la ofisi, mbali na hapa, vifaa vizuri vilivyofungwa siku ya ufunguzi mbele ya mgeni rasmi, na tangu siku ile hakuna mkono uliovigusa. Viwango vya Uingereza huagiza mfumo wa kengele ya moto wa jengo ujaribiwe kila wiki, na kila wiki kwa kutumia kitufe kingine, ili baada ya muda vitufe vyote viwe vimebonyezwa. Viwango hivyo pia hutaka mlio usipungue desibeli 75 pale kichwani pa mtu aliyelala, mlango ukiwa umefungwa. Anayepima kengele akiwa amesimama uani mchana, watoto wakicheza mpira, hajapima kitu. Tena, kubonyeza kitufe cha majaribio kunathibitisha kwamba betri ina nguvu na king'ora kinalia. Hakuthibitishi kwamba moshi unaingia ndani ya kifaa. Kwa hiyo mara moja moja kipimwe kwa moshi hasa, na walau mara moja kila muhula watoto waamshwe usiku bila wao kujua, wahesabiwe nje kwa daftari la majina. Umeme wa gridi ukikatika, na hukatika, mfumo uwe na betri yake.

Tumefikia jambo linalotutia uzito, lakini kulinyamazia hatuwezi, nalo ni makufuli. Mabweni ya wasichana katika madrasa zetu hufungwa kwa nje kila usiku. Tunajua sababu: wazazi wametukabidhi amana, na sitara ya binti ni jambo kubwa. Lakini tukumbuke Makka yenyewe. Machi 11, 2002, shule ya wasichana katika mji ule mtukufu ilishika moto asubuhi, na wasichana 15 wakafa. Jengo lilikuwa la kupanga, limejaa kupita kiasi, halina kengele ya moto wala mitungi ya kuzimia, na lango lilikuwa limefungwa. Magazeti ya huko yaliandika kwamba wapo waliozuia wasichana kutoka bila ya mavazi yao ya sitara. Wakuu wa serikali wakakanusha. Sisi hatukuwapo, na hatutahukumu. Ila lango lililofungwa tusilisahau. Mwezi huo huo uongozi wa elimu ya wasichana nchini humo ukaondolewa katika idara yake ya zamani na kuwekwa chini ya Wizara ya Elimu. Kuna komeo linalozuia mtu wa nje kuingia na kumruhusu wa ndani kutoka kwa kusukuma mkono mmoja, bila ufunguo. Fundi yeyote wa vyuma wa Lushoto anaweza kulitengeneza. Mlango wa namna hiyo humlinda binti dhidi ya mwizi na dhidi ya moto kwa pamoja, wala hatuoni ni sitara ipi inayopungua.

Kuhusu fedha, tutakuwa wakweli. Katika misikiti ya ukanda huu tumeshuhudia harambee za mazulia, za marumaru na za vipaza sauti, na zote zilitimia, tena wakati mwingine kwa fedha za msimu mmoja tu wa kabichi na viazi. Hatujashuhudia harambee ya kengele ya moto. Kamati inayoweza kutandika zulia inaweza kufunga vifaa vinne vya moshi bwenini.

Na vipaza sauti hivyo vina kazi nyingine. Gari la zimamoto, hata likiwa tayari na injini inanguruma mjini Lushoto, lina barabara ya kona na ukungu kupitia msitu wa Magamba kabla halijafika Lukozi. Kupiga namba 114 ni wajibu na kusicheleweshwe; idadi ni ile ile ya sura za Qur'ani, hivyo Mwislamu hana udhuru wa kuisahau. Lakini watakaofika kwanza ni majirani wenye ndoo na majembe, na wa kuwaamsha ni muadhini. Wazee wetu walikuwa na mbiu ya mgambo. Misikiti yetu ina amplifaya zenye betri zinazosikika hadi bonde la pili. Kamati ziafikiane juu ya tangazo moja fupi la moto, lisilofanana na adhana, litakalotaja mahali moto ulipo, na muadhini pamoja na naibu wake wawe na ufunguo wa chumba cha mitambo usiku.

Sheria nayo ipo. Tangu Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, na kanuni za tahadhari ya moto katika majengo za mwaka 2015, maofisa wa jeshi hilo wana mamlaka ya kukagua majengo kama ya kwetu. Wapo viongozi wa madrasa wanaowakwepa wakaguzi kwa kuhofia gharama na faini. Tunawashauri wawaite wao kwanza kabla hawajajiwa, na wawaombe wafundishe walimu na walinzi.

Tulirudi katika bweni lile baada ya wiki tatu. Nyundo sasa imefungwa kwa mnyororo kwenye shina la mparachichi, na kufuli la mlango wa pili limeondolewa, fundi ameweka komeo la kusukuma. Vifaa vya moshi havijanunuliwa. Kamati imeahidi kulizungumza baada ya swala ya Ijumaa ijayo. Tuliomba kengele ipigwe tena saa sita za usiku. Watoto 34 walitoka kwa dakika 4 na nusu, na mmoja wao, mdogo kuliko wote, alibebwa mgongoni na kaka yake akiwa bado amelala. Tumewaambia walimu kuwa tutakuja mara ya tatu, na safari hiyo hatutawapa taarifa.