Jiko Chumbani na Matundu Yaliyozibwa

Kila ifikapo Juni, ukungu ukishuka kutoka mlimani, majiko ya mkaa hapa Shirimatunda huhama uani na kuingia vyumbani, hasa chumbani kwa mama aliyejifungua, ili kichanga kisipate baridi. Nia ni njema. Tunaloulizwa msikitini ni wapi apatikane fundi wa kuziba ufa wa udongo wa jiko. Nasi twaona kinachohitaji fundi ni chumba.

Mkaa uliokolea, mwekundu usio na moshi, ndio unaodanganya. Hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu ikaizuia kubeba oksijeni. Mtu huumwa kichwa, akapata kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyekwisha kulala huenda asihisi lolote. Jiko jipya lisilo na ufa hutoa hewa hiyo hiyo.

Wazee wa Uchagani waliota moto ndani ya msonge, moshi ukipenya katika nyasi za paa (macho yao waliyajua wenyewe). Nyumba ya leo ni ya tofali za saruji, dari ya jipsamu na dirisha la alumini. Ramani tunayoipeleka Manispaa kuomba kibali cha ujenzi huonyesha madirisha na matundu ya hewa. Baridi ikija twayaziba matundu kwa magazeti na mifuko, tukabaki na nyumba ambayo hakuna aliyeiidhinisha.

Mtume (s.a.w.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (r.a.), alikataza kuacha moto ukiwaka nyumbani wakati wa kulala. Hatuoni sababu ya kuifinya hadithi hiyo ihusu kuungua tu.

Basi jiko libaki uani. Kichanga avikwe kofia na soksi, alazwe kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, mama akiwa macho, na blanketi liwafunike wote wawili. Matundu yazibuliwe, yawekewe wavu wa mbu. Akikutwa mtu amelegea chumbani penye jiko, atolewe nje mara moja, apelekwe Mawenzi au KCMC bila kungoja asubuhi, hata akizinduka.

Mafundi wawili wa jamaa yetu wamejitolea kuzibua matundu katika nyumba za wajane na wazee. Wavu utanunuliwa na kamati. Anayehitaji aandikishe jina kwetu baada ya Swala ya Ijumaa.