Samaki ni Halali, Wizi si Halali

Ndugu msomaji, yapo maneno yasemwayo sana hapa Dodoma, nami nayapinga. Watu husema: sisi watu wa bara tuna nini na bahari? Wenye bahari ni watu wa Tanga, Kilwa na Mafia. Kazi yetu sisi ni kula. Na wengine, waliosoma kidogo, huongeza kuwa samaki wa bahari ni halali hata akifa mwenyewe, basi hapana la kuuliza.

Kweli, ni halali. Lakini uhalali wa samaki ni jambo moja, na njia aliyopatikana ni jambo jingine. Kuku naye ni halali, na mwizi wa kuku hajapata kujitetea hivyo mbele ya hakimu.

Tazama habari ya baruti. Mtu hutupa chupa yake juu ya mwamba, ikalipuka, ikaua wakubwa na wadogo pamoja. Wengi huzama chini wala yeye hawapati. Na mwamba wenyewe, ulioota kwa miaka mingi, huvunjika ukawa changarawe, samaki wasiwe na pa kuzalia. Sheria imeyakataza haya tangu zamani, na ile ya mwaka 2003 ikakataza tena. Hata hivyo, mwaka 2015 watafiti walipita pwani ya Tanzania Bara na vinasa sauti vya majini, kwa muda wa mwezi mmoja hivi, wakanasa milipuko zaidi ya 300, na mingi ilikuwa karibu na Dar es Salaam. Karibu na Dar es Salaam, msomaji, penye polisi, mahakama na soko! Hiyo haikuwa kazi ya watu waliojificha. Baadaye vyombo vya dola vilifanya kazi pamoja, na milipuko ikapungua sana. Ndipo ikajulikana kuwa sheria ilikuwapo siku zote. Iliyokosekana ni nia.

Sasa Dodoma inaingiaje? Sheria hizo hupitishwa hapa hapa, bungeni. Wizara ya Mifugo na Uvuvi iko hapa. Aandikaye kipimo cha tundu la wavu anakaa mamia ya kilomita kutoka maji ya chumvi, naye akilala, mvuvi wa Mafia hana wa kumwamsha. Wala si lazima tufike pwani: tunalo bwawa la Mtera, njia ya Iringa, na perege wadogo kama kidole tunawanunua kwa mafungu bila kuona haya.

Wapo wasemao kuwa mwizi hasa ni mkubwa. Sikatai. Mwaka 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa katika maji yetu ya bahari kuu ikiwa na karibu tani 300 za samaki. Samaki wakagawiwa, watu wakawaita samaki wa Magufuli, aliyekuwa waziri wakati ule. Kesi ikachukua miaka, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu. Kukamata bila kushika kesi sawasawa ni kelele tu. Lakini dhulma ya mwenye meli haimpi ruhusa mwenye ngalawa.

Husemwa tena kuwa maskini hawezi kungoja. Mbona watu wa Songosongo na wa Kisiwa Panza, Pemba, wamekubali wenyewe kufunga miamba kwa muda ili pweza wakue? Na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu kwa mapatano ya nchi nne.

Linaloniudhi ni hili: nyavu haramu huchomwa moto ufukweni, mwenye nazo analia, na aliyeziingiza nchini na kumwuzia yumo dukani anahesabu fedha. Ukaguzi uanze kwake. Kisha uje sokoni, kwani samaki wa baruti hajifichi: mpasue, utaona mifupa iliyovunjika na damu iliyovilia ndani. Kazi hiyo haitaki meli wala satelaiti. Yataka kisu, na mkaguzi asiyepokea fungu la bure.