Geuza Hiyo Filta, Ama Ufunge Laptop

Mwaka jana nilimuuzia msanii mmoja wa Thika biti kwa elfu tatu. Wiki mbili baadaye akanitumia ngoma ya msee mwingine WhatsApp, bila neno. Sauti ya sinthesaiza ilikuwa ileile yangu. Sikuiba, na huyo prodyuza mwingine hakuiba. Sote tulifungua programu moja, tukachagua priseti moja, tukaiacha ilivyo. Nilimrudishia pesa yake. Aibu nikabaki nayo.

Tangu hapo nina ugomvi na keja zetu za Ruiru. Tunachanga pesa ya kununua pakiti za sauti, halafu tunalia eti soko limejaa. Soko halijajaa, wasee. Filta zetu zimelala.

Filta ya kawaida hupitisha besi na kuzuia sauti kali zilizo juu ya kizingiti fulani. Ukiacha kizingiti mahali pamoja dakika tatu, umechagua rangi tu. Ukikisogeza, sauti inaanza kuongea. Imba "u", kisha "a", kwa noti ileile. Koo halijabadilika, mdomo ndio umefunguka. Mdomo wako ni filta.

Bado hushiki? Simama steji ya Ruiru usiku. Matatu inakuja na unachosikia ni besi tu, kwa sababu vioo na mabati yamezuia mengine. Makanga anafungua mlango, na sauti kali zote zinakumwagikia. Tumelelewa na hiyo kitu Thika Road, lakini tukishika laptop tunangoja mtu wa Los Angeles atufungulie mlango.

Najua utaniambia priseti tayari ina LFO. Ndiyo, inayo. LFO ni wimbi la polepole ambalo hulisikii lenyewe. Unasikia vile linasukuma filta. Shida ni kwamba umeliacha kwenye robo noti, kama kila mtu, na sasa biti yako inayumba kama zingine zote. Lipunguze, mzunguko mmoja uchukue baa 7 (si zile za pombe), wakati ngoma inazunguka kwa baa 4. Hivyo viwili havitaanza pamoja tena mpaka baa 28 zipite. Kisha unganisha filta na nguvu ya kidole: ukigusa polepole ifunguke kidogo, ukigonga ifunguke sana. Hapo mkono wako umeingia kwa ngoma.

Na usinidanganye ni pesa. Surge XT ni ya bure, Vital ina toleo la bure, na zote zina filta na LFO kuliko utakavyowahi kumaliza. Ukitaka kusikia sauti ikikaa muda mrefu bila kufa, tafuta albamu *Peel* ya KMRU, ya 2020. Huyo ni mjukuu wa Joseph Kamaru, si mgeni.

Eti mteja hajali? Wangu alijali hadi akadai pesa.

Kwa hivyo leo usinunue pakiti. Chukua sauti moja, bonyeza rekodi, na ugeuze filta kwa mkono ngoma nzima. Utachelewa mahali, utapitiliza mahali. Usirekebishe. Hayo makosa hakuna prodyuza mwingine anayo.