Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kaya nyingi usemi huu huthibitika siku ile kuku anapochinjwa kwa ajili ya mgeni, na watoto wa nyumba hiyo nao wakapata mchuzi. Lakini wako wenyeji wanaotembelewa karibu kila siku, na si kila mgeni anayewaacha wamepona. Miongoni mwao ni Wahadzabe wa Ziwa Eyasi.

Ziwa Eyasi limo katika Bonde la Ufa, kaskazini mwa Tanzania, kusini-magharibi mwa Ngorongoro. Maji yake ni ya chumvi, kina chake ni kifupi, na wakati wa kiangazi sehemu kubwa hukauka ikabaki ardhi nyeupe. Kandokando yake, hasa sehemu za Mang'ola na Bonde la Yaeda, huishi Wahadzabe wapatao elfu moja na ushei. Zamani waliitwa pia Watindiga. Lugha yao ina sauti za kugonga ulimi kinywani, na hadi leo wataalamu hawajathibitisha kwamba ina udugu na lugha nyingine yoyote, hata ile ya Wasandawe wa Dodoma. Si wote wanaoishi kwa kuwinda tu, lakini wapo ambao bado hutegemea pori kwa sehemu kubwa ya chakula chao.

Jiko lisilo na ghala

Mama wa nyumbani atakayefika kambini atastaajabu kwanza kwa vitu asivyoviona. Hakuna ghala, hakuna kinu kikubwa, hakuna zizi. Kibanda cha matawi na nyasi hujengwa na wanawake kwa muda wa saa chache, na kambi ikihama huachwa. Wanaume huwinda kwa upinde na mishale, mingine ikiwa imepakwa sumu ya mimea. Wanawake huchimba viazi vya porini kwa mti uliochongwa ncha, huchuma matunda, na huokota mabuyu. Ubuyu huo huo ambao watoto wa Pwani huununua ukiwa umetiwa sukari na rangi, huku hupondwa ukachanganywa na maji, ukawa uji wa mtoto na mzee.

Bibi wa Kihadzabe hastaafu. Mtaalamu Kristen Hawkes wa Marekani na wenzake walieleza mwaka 1997 jinsi wanawake wazee wanavyochimba viazi kwa bidii kubwa, na kwamba mama anaponyonyesha mtoto mchanga, chakula cha watoto wakubwa hutegemea sana jasho la bibi yao. Nyama ya mnyama mkubwa nayo si mali ya aliyempiga peke yake, bali hugawiwa kambi nzima. Asiyepata leo atakula, na kesho zamu yake ikifika atagawa.

Chakula wanachokipenda kuliko vyote ni asali. Katika kuirina wana msaidizi mwenye mbawa, yule ndege mdogo anayeongoza watu hadi kwenye nyuki, kisha akajilia nta iliyobaki. Mhadzabe humwita kwa mluzi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba ndege wa huko huitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko wito wa warina asali wa Msumbiji. Ndege na watu wamezoeana lugha.

Fedha ya mgeni

Watalii hufika alfajiri, huongozana na wawindaji porini, hupiga picha, hujaribu kuvuta upinde, kisha huondoka kabla ya jua kali. Ziara hizo huleta fedha, nayo si dhambi. Taabu ni kwamba mara nyingi sehemu kubwa ya fedha hubaki mikononi mwa wasafirishaji, na ile ifikayo kambini aghalabu huishia kwenye pombe. Pombe imevunja amani ya kambi kadhaa, na wanaoumia kwanza ni akina mama na watoto.

Taabu ya pili ni ardhi. Mashamba ya vitunguu yameenea Mang'ola, na ng'ombe wa wafugaji hunywa katika visima vile vile wanavyovitegemea wanyama wa porini. Si kwamba majirani wote ni maadui: wahunzi wa Kidatoga ndio wanaowafulia Wahadzabe vyembe vya mishale, nao hulipwa asali na ngozi. Lakini mibuyu ikitoweka na wanyama wakikimbia, hapana udugu utakaojaza chungu.

Serikali nayo ilijaribu kuwasaidia kwa njia iliyoona inafaa. Katika miaka ya 1964 na 1965 wengi walikusanywa katika makazi ya Yaeda Chini ili wawe wakulima. Maradhi yaliwashika wakiwa wamesongamana, baadhi walifariki, na haukupita muda mrefu wengi wakarudi porini. Mwaka 2011 ilichukuliwa njia nyingine, iliyoleta matumaini zaidi: Wahadzabe wa Yaeda walipewa hati za kimila za kumiliki kwa pamoja zaidi ya hekta 20,000. Jambo hili linapasa kutazamwa na nchi jirani pia. Mwaka 1991, misitu ya Bwindi na Mgahinga nchini Uganda ilipofanywa hifadhi za taifa, Wabatwa walioishi humo waliondolewa, na wengi wakabaki bila hata kiwanja cha kujenga.

Basi anayekusudia kwenda Eyasi na afanye kama aendavyo kwa wakwe. Aulize ada ya kijiji hulipwa wapi, na ailipe. Achague mwongozaji wa huko huko. Asibebe pombe wala kuwanunulia wenyeji. Aombe ruhusa kabla ya kupiga picha, hasa ya mtoto. Zipo ngoma na nyama za wanaume waliotimiza mila, na akiambiwa akae kando, akae. Akitaka kumbukumbu, anunue ushanga kwa mwanamke aliyeutunga mwenyewe, na fedha aiweke katika kiganja cha mama huyo, kwani ndiye ajuaye watoto watakula nini jioni.