Fidia ni Haki, Haiombwi Kama Sadaka



Wazee wa Zombo na vijiji jirani wameishi na reli miaka mingi. Reli ya Kati inapita Kilosa, na tawi lake linashuka Mikumi hadi Kidatu. Mtu alivuka kwa miguu, jembe begani, baada ya kusikiliza honi.

Reli ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, haivukwi hivyo. Treni ya umeme inayokimbia kilometa 160 kwa saa inahitaji uzio, na watu huvuka kwenye madaraja na vivuko vya chini. Hilo ni jema, kwani linaokoa maisha.

Lakini tujiulize: mwenye ekari tatu zilizokatwa katikati amepoteza nini? Je, ni ule ukanda uliopimwa tu? Shamba la ng'ambo bado ni lake, ila kulifikia ni mzunguko mrefu, na mavuno yanahitaji bodaboda. Mama aliyeuza maandazi penye kivuko cha zamani bado ana kibanda, lakini wapita njia hawapo tena.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 nayo inatambua hasara ya ardhi kutenganishwa na ardhi nyingine. Kwa hiyo mkulima anayeuliza habari ya njia yake hapingi maendeleo.

Darasani tunasoma kwa Aristotle na Mtakatifu Tomaso wa Akwino kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Kanisa linafundisha pia kwamba mali ina wajibu kwa jamii, nasi tunakubali: reli ni ya wote. Basi na gharama yake iwe ya wote, isibebwe na kaya chache zilizo kandokando ya reli. Hata Ahabu alimwahidi Nabothi malipo. Dhambi ilianza pale kukataa kwake kulipopuuzwa.

Tunaziomba jumuiya ndogo ndogo zisiishie kusali tu. Mthamini anapofika, tumsindikize mjane shambani, tumsomee fomu kabla hajaweka dole gumba, tuhakikishe jina lake limeandikwa. Kumbukumbu hiyo ndogo ndiyo itakayomtetea kesho.