Bi Harusi, Barua ya Kuacha Kazi Iwe Karatasi ya Mwisho



Leo tunasema bila ya kuficha, na atakayekasirika tunamuomba asome mpaka mwisho. Umeingia mtindo hapa kwetu Unguja na Pemba. Msichana akiposwa na mtu aliyeko Muscat au London, jambo la kwanza anaambiwa aache kazi. Viza haijaombwa, mahari hayajatolewa, siku ya harusi haijatajwa, lakini bi harusi ameshaaga ofisini. Huyo ni mwalimu wa skuli ya serikali, au muuguzi, mwenye mshahara kila mwezi na michango yake ZSSF. Akisita kidogo anaambiwa, "Unakwenda kuwa mke wa mtu nje, kazi ya nini tena?"

Sisi tunaoshona nguo za harusi tunayasikia haya kila msimu, maana mtu akisimama kupimwa huzungumza. Rangi ya gauni anaijua, kitambaa anakijua, idadi ya wageni anaijua. Tukimuuliza huko anakokwenda atakaa kwa kibali gani, anacheka: "Hayo anayajua yeye." Yeye ni bwana harusi, ambaye wengine wamemuona kwenye simu tu.

Hatupingi kuolewa nje wala kuhama. Wanawake wa Kiislamu walivuka bahari kwenda Uhabeshi wakati Makka ilipowabana. Bibi Ummu Habiba (r.a.) alifiwa na mumewe huko huko ugenini, na Mtume (s.a.w.) alipomuoa, Najashi ndiye aliyemtolea mahari, akayapata mwenyewe. Kuhama ni kheri kwa aliyejipanga. Tunachokipinga ni kumvua mwanamke kila alichonacho kabla hajajua anakwenda kuvaa nini. Wazee walishasema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Tunajua tutakavyojibiwa. La kwanza, "Mke mwema humfuata mumewe." Sawa, lakini huyu bado hajaolewa. Utii wa mke unaanza baada ya nikahi, na mchumba hana amri juu ya kazi ya mtu.

La pili, "Riziki ya mke iko kwa mumewe." Nafaka ni wajibu wa mume, hilo halina ubishi, lisome Surat Al-Baqara aya ya 233. Lakini Surat An-Nisaa aya ya 32 inatufundisha kwamba mwanamke naye ana fungu lake katika alichokichuma. Bibi Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara, na mali yake ilikuwa yake. Wajibu wa mume kukulisha haukufanyi wewe uharamike na chako.

La tatu, na hili ndilo linalotuuma, "Kuuliza uliza ni kukosa imani." Jamani! Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inahusu kuandikiana deni. Ikiwa deni la pesa linaandikwa na kushuhudiwa, maisha ya binti yenu yaende kwa maneno matupu?

Sasa tuseme yanayofichwa. Oman, mke anayeingia kwa kibali cha kumfuata mume anapata ruhusa ya kukaa. Kibali hicho peke yake si cha kufanya kazi, na mdhamini wake ni mume. Mume akipoteza kazi au akiamua kutokihuisha, mke hana pa kusimama. Uingereza, tangu Aprili 2024, mume anayemuombea mke viza kwa mara ya kwanza anatakiwa kwa kawaida aonyeshe kipato kisichopungua pauni 29,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo ilikuwa 18,600. Mke anayeomba akiwa nje ya nchi hupewa kwanza miezi 33, kisha anaongezewa, na ukaazi wa kudumu unaombwa baada ya miaka 5. Kufanya kazi anaruhusiwa, lakini misaada mingi ya serikali haimhusu, na ndoa ikivunjika kabla ya hapo kibali nacho kinayumba. Muuguzi wa hapa hawezi kuingia wodini huko kwa cheti chake tu. Lazima afanye mitihani na asajiliwe na baraza lao.

Kwa hiyo, bi harusi, fuata mpango huu.

Kwanza, uone kibali chake cha ukaazi na mkataba wake wa kazi. Anayekutaka kwa wema hatakuona mkorofi kwa kuuliza.

Pili, mahari yako yatajwe, yaandikwe, na uyapokee wewe. Ni haki yako kwa mujibu wa An-Nisaa aya ya 4, si ya mjomba wala ya kununulia makochi.

Tatu, ukitaka sharti la kusoma au kufanya kazi, liseme kabla ya nikahi. Wanavyuoni wamekhitilafiana sharti lipi linamlazimu mume, basi nenda kamuulize Kadhi mapema, usingoje mpaka mgombane.

Nne, uliza ofisini kwako kama unaweza kupewa likizo bila malipo. Tumemshonea mwalimu mmoja aliyeacha kazi miezi minane kabla ya viza kujibiwa. Viza ilikataliwa, na nafasi yake skuli ilikuwa keshapewa mwengine.

Tano, pasipoti, cheti cha ndoa na vyeti vya skuli vikae mkononi mwako, na nakala abaki nazo mama. Uwe na pesa ya tiketi ya kurudi katika akaunti yako mwenyewe, na nambari ya ubalozi wa Tanzania wa nchi hiyo.

Hayo yakitimia, viza ikiwa imeshagongwa, ndipo uandike barua ya kuacha kazi. Iwe karatasi ya mwisho kutiwa saini.

Na nyinyi masomo na mashangazi, mnamfundisha mwari singo, udi na namna ya kumpokea mume, Allah awalipe. Ongezeni somo moja: mfundisheni kusoma kibali. Wazazi nanyi, msimtoe binti kazini ili jirani waseme mna mkwe Ulaya. Jirani hao hawatampokea uwanja wa ndege akirudi na begi moja.

Mtume (s.a.w.) alimuelekeza bedui amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Dada yetu, mfunge ngamia wako. Allah awape maharusi wetu waume wema na makaazi yenye utulivu, hapa na popote watakapokuwa. Amin.